Baba Alivyofukuza Mafuta Nyumbani

Mwaka ule wa uhuru baba yangu alipata kiti. Alikuwa karani mdogo katika biro, yaani ofisi, ya kununua kahawa hapa Butembo, mmoja wa wale walioandika wakiwa wamesimama kwenye meza ndefu. Mzungu aliyekuwa mkubwa wao alipofunga masanduku yake na kurudi kwao, baba aliambiwa akae mahali pake. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mikono, na kilizunguka. Alitupeleka mimi na mama kwenda kukiona. Mama alikigusa kwa kidole, akakizungusha kidogo, akasema, "Kiko muzuri. Mais kinakuzidi." "Mais" ni "lakini" ya Kifaransa, tunaichanganya hivyo kila siku.

Ni kweli, baba alikuwa mwembamba. Watu wa kwetu milimani ni watu wa kupanda na kushuka, na Butembo hakuna mahali unapokwenda bila kukutana na mlima. Lakini maneno ya mama yalimwingia. Wakubwa wote aliowajua walikuwa na matumbo: mkubwa aliyeondoka, wenye mashamba ya kahawa, hata mwalimu mkuu wa misheni. Baba aliangalia nafasi iliyobaki kati ya mbavu zake na mikono ya kile kiti, akaona kwamba kuijaza ni sehemu ya kazi aliyopewa.

Kabla ya hapo tulikula kama mtaa mzima ulivyokula. Maharagi, viazi kutoka Lubero, bukari, yaani ugali, wa muhogo, na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Ndani ya sombe mama alitia mafuta mekundu ya ngazi, yale wengine huyaita mawese. Huku kwetu juu baridi haiupendi mti wa ngazi, basi mafuta yale yalipanda kutoka upande wa Beni kwenye joto. Yaliletwa na mume wa mama mudogo, mdogo wake mama, aliyeolewa Beni na Mwislamu mwenye lori. Sisi ni Waprotestanti, na ndoa ile ilipofanywa watu wa kanisani waliongea sana. Hata mukaka, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinande, alikasirika. Huyo alikuwa mama yake baba na aliishi nasi. Ila lori liliposimama mbele ya nyumba kwa mara ya kwanza na dumu la mafuta likateremshwa, mukaka alichungulia ndani yake, akanusa, na tangu hapo akaanza kumwita yule mkwe "mutoto yangu wa Beni".

Mzungu wa biro alikuwa ameacha vitu katika ghala lake, na baba akarudi nyumbani na mkebe mkubwa wa mafuta ya nguruwe. Yalikuwa meupe na magumu kama sabuni. Mukaka alidhani ni sabuni kweli, akachukua kipande akaenda nacho mtoni kufua. Alirudi amenyamaza, na kitambaa chake kikateleza mikononi kwa wiki nzima.

"Mutu ya biro hawezi kula maharagi ya kuchemusha," baba alitangaza siku ile. "Bazungu banakaanga kila kitu. Njo maana bako na nguvu."

Basi tukakaanga. Viazi, ndizi, mayai, hata mihogo iliyokwisha kuiva. Mkebe ulipokaribia kwisha baba alipata mwingine kwa mwenye shamba aliyekuwa anaondoka, na juu yake akaleta siagi. Alitaka mafuta yaonekane. Sahani isipong'aa aliirudisha jikoni kwa mama, si kwa hasira, bali kama mkubwa anayerudisha karatasi isiyotiwa sahihi. Sisi watoto tulifurahi. Nakumbuka tulivyokaa mstari mmoja kwenye ukuta wa jikoni tukisikia viazi vikilia kwenye kikaango, midomo yetu iking'aa toka asubuhi, na watoto wa jirani wakija kutunusa.

Aliyepata shida ni mwenye lori. Alipofika safari iliyofuata alisimama mlangoni, akavuta hewa, akauliza kwa adabu, "Shemeji, leo munakaanga na nini?"

Mama aliona aibu. "Ni mafuta ya nguruwe."

"Hakuna matata. Mimi nitakula ndizi mbivu."

Mama hakupenda mgeni wake ale ndizi kama mtoto mgonjwa. Alinunua chungu kipya, akakitundika peke yake chini ya dari, na kila lori lilipokuja alipika uani sombe na samaki kwa mafuta ya ngazi. Mwanzoni baba aliona kama tumedharau mafuta ya kiti chake. Halafu siku moja mgeni alipokwenda kuswali, nilimkuta baba ameinama juu ya kile chungu na kijiko. Aliniangalia akasema anapima chumvi.

Tumbo lilikuja, na lilikuja upesi. Fundi wa nguo akawa anamwita baba "patron", yaani bwana mkubwa. Kile kiti kilijaa. Lakini Butembo haikupunguza milima yake kwa sababu ya uhuru. Jumapili, njiani kwenda kanisani, baba alianza kusimama kila mahali pa mwinuko na kuangalia mashamba ya watu, mikono mgongoni, kana kwamba anafikiria kuyanunua. Tulisimama naye. Mama alikuwa na mdogo wetu wa mwisho mgongoni, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno, na bado alifika kanisani mbele yake.

Jumapili moja, mwaka wa tatu baada ya uhuru, baba hakusimama, alikaa. Alikaa juu ya jiwe kando ya njia na nguo zake nzuri, jasho likimtoka, mkono kifuani. Wanaume wawili walimshika kwapani, wakamshusha polepole mpaka zahanati. Aliyempokea alikuwa enfirmiye, yaani muuguzi, kijana mwenye vidole virefu na sauti ndogo. Alimsikiliza kifua muda mrefu, akamuuliza anakula nini. Baba, hata katika hali ile, alimweleza kwa fahari kidogo.

"Papa," enfirmiye alisema, "mafuta hii itakuua. Unapaswa kupunguza."

Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mpaka barabarani. Alimpa dawa, akamwita mwingine.

Baba alikuwa mtu wa kuamini jambo zima au kutoliamini kabisa. Neno "itakuua" alilisikia vizuri. Neno "kupunguza" sijui lilipotelea wapi kati ya zahanati na nyumba yetu. Kesho yake asubuhi alichimba shimo nyuma ya choo, akamwaga mkebe wa mafuta ya nguruwe na siagi yote. Mbwa wa mtaa mzima walikuja, wengine hata wenye mtaa hawakuwajua, wakakaa kuzunguka lile shimo kama wanaohudhuria mazishi. Halafu akageukia dumu la mafuta ya ngazi.

"Hii ni ingine," mama alisema. "Hii ni ya sombe."

"Mafuta ni mafuta."

"Na batoto?"

"Batoto nao iko na roho," alisema, akigonga kifua pale penye moyo. "Roho ya mutoto ni ndogo, itazibwa mbio zaidi."

Mafuta ya ngazi yakatolewa kwa majirani. Karanga zikafuata, kwa kuwa zinatoa mafuta. Mtu akamwambia kazini kwamba hata avoka, lile tunda wengine huliita parachichi, lina mafuta ndani, na baba akatukataza avoka, ingawa zilikuwa zinaanguka zenyewe kutoka kwa jirani hadi uani kwetu. Mwenye lori alipoleta dumu jingine alirudi nalo Beni. Alisema tu, "Mungu ni mukubwa," akawasha injini.

Tukaanza kula chakula cha maji. Viazi vya kuchemsha, maharagi ya kuchemsha, sombe iliyopikwa kwa maji na chumvi, chungu na kavu, ambayo ukiimeza inakwaruza koo kama nyasi. Uji mweupe asubuhi. Tulikula sana, halafu baada ya muda mfupi njaa ikarudi. Mukaka alisema maharagi yanashuka tumboni mwake kama mawe kwenye korongo, anayasikia yanavyogongana. Yeye alikuwa na karanga zake ndani ya kitambaa, nami nilijua, na alijua ninajua, basi tulikula wote wawili nyuma ya nyumba, tukipiga miguu chini kufukia maganda.

Baba alipungua kidogo na moyo wake ukatulia. Kwake hiyo ilikuwa hesabu iliyokamilika.

Mdogo wetu ndiye aliyebadilika. Alikuwa ameachishwa ziwa wakati ule ule, akaanza na uji mweupe na viazi. Alikuwa amekwisha kutembea, hata kukimbia, mtoto wa kufuata kuku na kuanguka na kucheka. Polepole akawa mtoto wa kukaa. Ngozi ya miguu yake ilikauka, nywele zikawa laini na rangi ikapauka. Halafu jioni zikaanza. Jua likishuka nyuma ya mlima, kabla taa haijawashwa, wakati sisi wengine bado tunaonana vizuri kabisa, yeye alisimama mahali alipokuwa kama aliyefika ukingoni mwa maji. Alitutambua kwa sauti. Nilimwekea kikombe mbele yake, akapapasa kushoto na kulia mpaka akakimwaga.

"Anacheza," baba alisema.

Mukaka alisema hapana, ni jicho la mtu. Alimtaja hata jirani anayemshuku, mama mmoja mpole aliyekuwa akitupa majani ya kabichi, na kwa majuma mawili alikataa kumsalimia. Mama alikuwa akimbeba mtoto kila jioni, akimpeleka mkono wake kwenye vitu: hiki kikombe, hii kinywa yangu, huyu ni dada yako.

Wakati huo habari za waasi zilikuwa zimeanza kupanda barabarani pamoja na malori. Waliwaita Basimba. Wengine walisema risasi haziwaingii, wengine walisema wanatafuta kwanza watu wa biro, walimu, na yeyote mwenye kalamu mfukoni. Baba aliondoa kalamu mfukoni. Asubuhi moja lori la mume wa mama mudogo lilisimama mbele ya nyumba, na safari hii hakuteremsha kitu.

"Beau-frère, shemeji, hakuna kufikiri," alimwambia baba. "Balishatoka Kisangani, banakuja. Ninapeleka bibi yangu, dada ya bibi yako, kwa mama yangu, Kamango. Mambo ikiharibika, Uganda iko pale karibu, tunavuka na miguu."

"Na biro?"

"Biro itakungojea. Weye hapana kuingojea."

Tulipanda nyuma, juu ya magunia. Mukaka alipandishwa na kinu chake, maana alikataa kuondoka bila hicho. Na tulipopanda tuliona kuna mtu amekwisha kukaa pale pembeni, sanduku la dawa kati ya magoti. Alikuwa yule enfirmiye wa zahanati. Alikuwa amemtibu mama mudogo homa mwaka uliopita, na mwenye lori hakusahau. Baba na yeye walisalimiana kama watu wanaodaiana maneno.

Barabara ya kushuka Beni ilikuwa imejaa watu. Kadiri tulivyoshuka, baridi ilibaki nyuma, na sisi watoto tukavua sweta. Beni tulimchukua mama mudogo na masufuria yake, hatukukaa. Baada ya hapo njia ilikuwa ya msitu na matope, na jioni, karibu na Semliki, lori lilisimama ili injini ipoe. Mama alimkalisha mdogo wetu juu ya gunia, akaweka mbele yake kikombe cha maji na kipande cha kiazi. Mwanga ulikuwa bado mzuri. Ningeweza kuhesabu majani ya mti ulio ng'ambo ya njia.

Mtoto alinyoosha mkono, akashika hewa. Akapapasa gunia, akapapasa goti la enfirmiye.

Enfirmiye aliacha kutafuna. Alichukua kikombe taratibu, akakipitisha mbele ya macho ya mtoto, kwenda na kurudi. Macho hayakukifuata.

"Mama, iko hivi toka wakati gani?"

"Toka mvua ile ingine."

"Mchana anaona?"

"Mchana anaona muzuri. Jioni njo anapotea."

Alimvuta mtoto karibu, akaangalia weupe wa macho, akapitisha vidole kwenye ngozi ya miguu. "Anakula nini?"

Mama alitaja: uji, viazi, sombe akikubali kuimeza.

"Sombe na mafuta gani?"

Mama alimgeukia baba, na sisi wote tukamgeukia, hata mukaka. Baba alikuwa anaangalia msitu.

"Hatuna mafuta," alisema mwishowe. "Ni weye ulikataza."

"Mimi?"

"Ulisema itaniua."

"Nilisema upunguze, papa. Weye. Ile ya nguruwe." Enfirmiye alishusha sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Huyu mutoto hana tumbo ya kupunguza."

Kisha akatueleza, akiwa amemshika mtoto magotini, na nadhani alijieleza yeye mwenyewe pia. Alisema majani yale ya kijani, na karoti, na mafuta mekundu yenyewe, yana kitu ambacho macho hukihitaji ili kuona gizani. Kitu hicho hakitembei na maji. Kinatembea na mafuta. Ukila majani bila tone la mafuta, kwa sehemu kubwa kinapita tumboni kama abiria aliyekosa lori. Alisema tena kwamba mtoto anayekua ana tumbo dogo na kazi nyingi, uji wa maji unamjaza kabla ya kumshibisha, na kijiko kimoja cha mafuta kina nguvu kuliko bakuli zima la uji ule.

"Anaweza kupona?" baba aliuliza.

"Macho yenyewe bado mazuri. Anaweza. Mais hapana kungoja." Halafu akaongeza, "Na mimi siku ile nilikuwa na haraka. Ilipaswa nikukalishe, nikueleze ni mafuta gani, na ni kiasi gani."

Baba alikubali kwa kichwa. Alimchukua mtoto, akamweka kifuani mwake, na hakumwachilia mpaka tulipovuka mto.

Kamango tulipokelewa na mama yake mwenye lori, mjane mwenye kicheko kikubwa na shamba la ngazi nyuma ya nyumba. Aliona mtoto, akasikia maneno mawili matatu ya enfirmiye, akaingia jikoni. Kabla hatujamaliza kuteremsha kinu, sombe ilikuwa inachemka, nyekundu juu kama udongo wa barabarani, na ndani yake karanga zilizotwangwa na samaki wa mto. Alimlisha mdogo wetu kwa mkono wake. Mtoto alionja, akanyamaza, akafungua mdomo tena kabla hajaambiwa.

Mimi nilikula mpaka nikaona haya.

Kule Kamango hakuna aliyekaa bure, hata mkubwa wa biro. Vichane vya ngazi vilipaswa kukatwa na kubebwa, tunda kuchemshwa na kutwangwa, na mafuta kuenguliwa juu ya maji ya moto. Siku za kwanza baba alibeba kichane kimoja akapumzika mara nyingi, huku akiangalia mashamba. Yule mjane alimwambia, "Baba wa batoto, shamba tumeshaliona. Leta ngazi." Alileta. Alitwanga kwenye kinu cha mukaka, shati mabegani, uso umejaa madoa mekundu. Mukaka alikaa kando yake akimfundisha kutwanga, ingawa huko milimani hakuwahi kutwanga ngazi hata siku moja, na alimfundisha vibaya, mpaka mjane akaja akawafundisha wote wawili upya.

Enfirmiye alifungua zahanati yake chini ya paa la kanisa dogo, na kila jioni alipita kumwangalia mtoto. Alimpa mafuta ya samaki aliyokuwa nayo kidogo kwenye chupa. Alipopata ini la mbuzi alituletea. Yaliyobaki aliyaacha kwa sufuria ya yule mjane.

Sikumbuki ilichukua muda gani. Nakumbuka jioni yenyewe. Jua lilikuwa limeshuka, kuku walikuwa wanaingia ndani, na sisi tulikaa uani kuchambua maharagi. Mdogo wetu alikuwa miguuni pa mama. Kifaranga kimoja kilichochelewa kilipita mbele yetu, mbio, kikitafuta mlango. Mtoto alikitazama. Alisimama, akakifuata, akakunja kona ya jiko pale kilipokunja, na tukamsikia upande wa pili akianguka na kucheka.

Mama aliweka chini ungo. Machozi yalimtoka huku anacheka. Mukaka alisimama, akajifunga kitambaa vizuri kiunoni, akasema tukirudi Butembo ana mtu wa kwenda kumwomba radhi, yule mama wa kabichi. Na baba alikwenda nyuma ya jiko, akarudi na mtoto mkono mmoja na kifaranga mkono mwingine. Akawashika wote wawili kwa muda mrefu, mpaka mama kuku akamfuata kumgonga miguu.

Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua. Siku nyingine, wakiwa wamekaa kula, alimuuliza enfirmiye. "Docteur," alisema, maana alikuwa amempandisha cheo, "mimi ninakula mafuta kila siku toka tulifika. Mais angalia." Alivuta mkanda wa suruali. Ungeweza kuingiza ngumi ndani.

"Unakula kiasi gani?"

"Ile banatia kwa sombe."

"Njo ile. Kule Butembo ulikuwa unakunywa mafuta, halafu unakaa ku kiti. Huku unakula kidogo, na unaitafuta na mikono yako." Enfirmiye alifikiri kidogo. "Mafuta iko kama moto ya jikoni. Ukizidisha, inaunguza chungu. Ukizima, munalala njaa. Na kuni zote hazifanani. Ile ngumu nyeupe ya nyama, mutu akiila kila siku na kila saa, inamuchosha roho. Avoka, karanga, samaki, hizo ni rafiki. Hii nyekundu ni muzuri kwa batoto sana, mais hata yenyewe, ukiichoma mpaka itoe moshi, umeiharibu."

"Donc, basi avoka ilikuwa haina kosa."

"Avoka haikukosea mutu."

Baba alihesabu kwa vidole, nadhani zile zilizooza uani kwetu.

Tulivuka mpaka Uganda mara moja, vita viliposikika karibu, tukalala kwa watu waliokuwa wakifanya biashara na mwenye lori, tukarudi. Wengine hawakurudi, na wengine waliobaki Butembo hatukuwakuta tena. Katika biro ya baba walikosekana wawili wa ile meza ndefu. Kuna mambo ya miaka ile ambayo wazee wetu waliyazungumza kwa sauti ya chini tu, nami niliyasikia nusu nusu kupitia ukuta. Sitajidai nayajua. Ninachokijua ni kwamba askari wa serikali walipofungua tena barabara, lori lilitupandisha tena milimani, sisi wote, na tulikuta nyumba ina paa.

Ndani hapakuwa na kitu. Vikaango vilikwenda, vitanda vilikwenda. Mwenye lori aliteremsha dumu la mafuta ya ngazi, na baba mwenyewe alilipokea, akalibeba mpaka jikoni bila kupumzika. Mama alichukua kijiko kimoja cha chakula, akakining'iniza juu ya dumu kwa kamba. "Hiki njo mukubwa ya nyumba," alisema. "Baba, kimoja. Batoto banaokua, na mwenye kunyonyesha, ninaongeza." Baba hakupinga. Kukaanga kulibaki kwa siku ya Noeli na siku ya wageni. Siku nyingine zote tulichemsha, tukatia kijiko, tukaponda karanga.

Majirani ndio waliotuchosha. Walimwona mdogo wetu, mashavu yamejaa, anakimbia na giza linaingia, wakaanza kuja na watoto wao. Wengi walikuwa wamepita miezi ya vita kwa viazi vya maji. Mama wa kabichi, ambaye mukaka alikuwa amekwisha kumwomba radhi, alikuja na mjukuu wake aliyekuwa akisimama jioni kama alivyosimama wetu. Enfirmiye alipofungua tena zahanati, alimwomba mama aje Alhamisi apike, yeye atazungumza. Kila mama alileta alichonacho: mwingine majani ya maboga, mwingine avoka, mwingine ngumi ya karanga, mwingine kichwa cha samaki wa ziwa. Sisi tulileta mafuta.

Alhamisi ya kwanza enfirmiye alizungumza sana. Alieleza macho, damu, mifupa, na namna mafuta yanavyobeba vitu, akachora picha ya tumbo ukutani kwa mkaa. Mama alimsubiri. Watoto hawakumsubiri. Walikuwa wamekwisha kuzunguka sufuria, na mmoja akaingiza mkono, na mwingine, na mama akaona ni bora awagawie kuliko wagombane. Enfirmiye alipogeuka kutoka ukutani kusema, "Na sasa tutaonja," sufuria ilikuwa nyeupe chini, na watoto wote wamekaa kimya, midomo yao myekundu.

Alhamisi iliyofuata walikubaliana kwamba mama apike kwanza, watoto wale, na maneno yaje baadaye. Ikawa hivyo kwa miaka mingi, hata nilipokuwa mkubwa na kwenda kumsaidia kutwanga karanga. Mjukuu wa mama wa kabichi alipona kabla ya Pasaka ya mwaka ule wa kwanza.